Kinga ya Rais mstaafu na mzani wa AMCOS
Msimu wa korosho ukifunguliwa, mkulima wa Tandahimba husimama karibu na mzani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, jicho kwenye namba, kwa kuwa anajua kilo mbili zikipungua kwenye gunia kuna mtu amezila. Katibu wa chama akibainika, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, haisubiri astaafu. Rais hapimwi kwenye mzani huo. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya Tanzania inazuia kumshtaki kwa jinai akiwa madarakani, na hata akishaondoka hashtakiwi kwa jambo alilolifanya "kama Rais", isipokuwa awe ameondolewa na Bunge.

Wanaoitetea kinga hiyo wana hoja nzito. Kiongozi anayejua kwamba jela inamsubiri hang'atuki kwa hiari, na mrithi wake anaweza kuigeuza mahakama kuwa fimbo ya kisasi. Nchini Zambia, Bunge lilimvua Rais mstaafu Frederick Chiluba kinga mwaka 2002, na mwaka 2009 mahakama ikamwachia huru. Tena kuna maamuzi yanayoumiza bila kuwa wizi: mwaka 2018 Serikali ilinunua korosho yetu kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaisomba, na wapo waliosubiri malipo kwa miezi. Nauona uamuzi ule kuwa mbaya, lakini hukumu ya sera mbaya hutolewa kwenye sanduku la kura, pale kura zinapohesabiwa sawasawa.

Waziri, kwa upande wake, hana kinga ya namna hiyo. Mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walihukumiwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka na kuisababishia Serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7, kupitia msamaha wa kodi kwa kampuni ya ukaguzi wa dhahabu. Mwaka uliofuata wakaonekana wakifagia hospitali ya Sinza Palestina, wakitumikia kifungo cha nje. Je, msamaha wa kodi nao si sera? Hapo ndipo pagumu, na ndiyo maana naona maneno "kama Rais" yafasiriwe kwa ufinyu: sera ikingwe, fedha iliyoingia mfukoni isikingwe. Tatizo ni kwamba mashtaka hufunguliwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye huteuliwa na Rais aliyeko madarakani, na Rais huyo naye siku moja atastaafu.