Udereva wa malori Lubumbashi: tunachoogopa na tunachosahau kuhesabu

Katika familia nyingi za Lubumbashi, kusini mwa Congo, kijana mwenye diploma ya Serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, akisema anataka kuwa dereva wa lori, watu hunyamaza kwanza, kisha huanza kutafuta ni nani aliyemharibu. Hivi karibuni nilialikwa kwenye kikao cha namna hiyo katika mtaa wa Katuba, kwa jirani wa zamani wa wazazi wangu. Baba mdogo wa kijana alizungumzia ajali, shangazi yake akazungumzia wanawake wa Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia, na mama yake, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akauliza swali moja tu: mutoto wa diplome anaenda kuwa boyi-shofa, yaani utingo? Sikuweza kumjibu siku ile, kwa sababu swali lake halikuwa la kijinga, na kwa sababu nilihisi kwamba hofu iliyokuwa mle ndani ilikuwa imeelekezwa mahali pasipostahili.

Mama huyo ni binti wa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Alikulia katika nyumba ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, akatibiwa katika hospitali ya kampuni, na unga wa bukari, yaani ugali, uliingia nyumbani kama posho kila mwezi. Baba yake alikuwa miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 ambao, kuanzia mwaka 2003, walipewa fedha za mkupuo na kuondoka katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, hiari ambayo wengi wao hadi leo hawaikubali. Kwa mtu aliyeona hayo, kazi ni ile yenye ukuta, lango na namba ya mfanyakazi. Lori halina ukuta. Namwelewa, ingawa namkumbusha kwamba ni kazi hiyo hiyo yenye ukuta iliyomwacha baba yake na bahasha mkononi.

Tuanze na upande wa wanaopinga, kwa maana wana hoja. Barabara ya kwenda Kolwezi, ambayo ni kama kilomita 300 kutoka Lubumbashi, imeua watu wengi. Februari 2019 lori lililobeba asidi ya salfa lilipata ajali kwenye njia hiyo, likagongana na magari mengine, na watu wasiopungua 18 wakapoteza maisha. Shehena za shaba huwindwa na wezi pande zote mbili za mpaka, na mzigo ukipungua, mtu wa kwanza kuhojiwa ni dereva. Kuna pia watoto wanaomjua baba yao kwa sauti ya simu. Hakuna lolote katika haya ninaloweza kulipunguza. Nasema tu kwamba vijana wa mtaa ule ule hushuka katika mashimo ya wachimbaji wa mikono bila kofia wala kamba, au hubeba abiria watatu juu ya pikipiki moja, na sijawahi kusikia kikao kikiitishwa kwa ajili yao.

Sasa naomba msomaji akae nami kidogo kwenye hesabu moja, ambayo imeninyima usingizi tangu siku ya kikao. Mwaka 2024 Congo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, karibu yote kutoka majimbo yetu mawili ya Haut-Katanga na Lualaba. Lori la trela hubeba tani 30 hivi. Ukigawanya, unapata mizigo 100,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 270 kwa siku, au lori moja kila baada ya dakika tano, usiku na mchana, pamoja na Jumapili na sikukuu. Najua kwamba sehemu fulani husafiri kwa treni, lakini najua pia kwamba shaba isiyosafishwa bado huongeza uzito, kwamba haidroksidi ya kobalti ni mzigo mwingine kabisa, na kwamba sijagusa yale yanayoingia: salfa, chokaa, mafuta, saruji, unga wa mahindi. Dakika tano ni muda wa kunywa chai kikombe kimoja. Nitajie ajira nyingine katika jimbo hili ambayo mahitaji yake unaweza kuyahesabu ukiwa umekaa kando ya barabara na kikombe mkononi.

Ukikaa hapo utaona jambo la pili, nalo ndilo linalouma. Namba za magari ni za Tanzania, Zambia, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini. Zetu zipo, lakini kwenye safari ndefu ni chache. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu wageni. Dereva Mtanzania anayepika bukari kwenye mbabula, jiko la makaa, kando ya trela lake, akiwa amefungua kisanduku cha ubavuni kuwa jiko, anaongea lugha yetu na anapata taabu zile zile. Sababu zinajulikana: bandari ziko kwa baadhi yao, wenye magari makubwa wako huko, na nyaraka za njiani nyingi ni za Kiingereza. Hata hivyo, kijana wa Lubumbashi ana Kiswahili kinachomfikisha Dar es Salaam, mara nyingi ana Kibemba cha kumvusha Copperbelt, jimbo la shaba la Zambia, na ana Kifaransa cha kuongea na askari wa huku. Kinachobaki ni Kiingereza cha kazi, na hicho mwenye diploma anaweza kukipata kwa miezi michache. Kwa hiyo ninaposikia kwamba diploma itapotea ndani ya lori, sielewi; dereva anayesoma mwenyewe hati ya mzigo kabla ya kuitia sahihi hadanganywi uzito.

Ufundi wenyewe pia hudharauliwa na watu ambao hawajawahi kuutazama kwa karibu. Mabamba ya shaba safi hufungwa katika vifurushi vya tani mbili au zaidi kidogo, na kwa sababu shaba ni nzito mno, trela lililojaa huonekana kama nusu tupu: vifurushi dazeni moja na kitu, vimepangwa chini kabisa, juu yake hewa. Dereva asiyejua kuvigawa juu ya ekseli atalipa faini kwenye mzani au atavunja springi kabla ya Ndola. Kisha kuna mpaka. Upande wetu tunaendesha kulia, Zambia wanaendesha kushoto, na pale Kasumbalesa mtu hubadili upande wa barabara akiwa na tani 30 mgongoni. Malori mengi yanayotoka kusini yana usukani wa kulia. Yakiwa huku kwetu, dereva anayetaka kulipita gari la mbele haoni kinachokuja, na humtegemea utingo aliyeketi kushoto amwambie apite au asipite. Maisha ya watu wawili, na ya wale wanaokuja mbele, huwekwa kwenye neno moja la kijana ambaye mitaani tunamwita boyi.

Wapo wanaosema kwamba yote haya yatakwisha reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, ikikamilika. Reli ni jambo jema, lakini kati ya Kolwezi na mpaka wa Dilolo kuna zaidi ya kilomita 400 za njia iliyochakaa, na hata treni ikienda vizuri haiingii ndani ya mgodi wala haipeleki salfa hadi kwenye tangi la kiwanda. Safari za Durban huenda zikapungua. Za kilomita 50 au 100 kwenda stesheni zitaongezeka. Kwa kijana anayeanza leo, hilo si tishio kubwa.

Tishio kubwa halikutajwa kabisa kule Katuba, nalo ni kusubiri. Kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 2,000. Tuseme dereva anakwenda kilomita 400 kwa siku: siku tano kwenda, siku tano kurudi, na siku tatu za kupakia na kushusha. Jumla ni siku 13, na mwezi mmoja unatosha safari mbili. Ongeza siku nne za foleni Kasumbalesa, ambayo imewahi kunyoosha makumi ya kilomita, na tatu nyingine Tunduma, mpakani mwa Zambia na Tanzania. Sasa safari moja ni siku 20, na zile mbili za mwezi zimekuwa moja na nusu. Anayelipwa kwa safari amepoteza robo ya pato lake bila kosa lolote, huku akinunua maji na makaa na kulipa choo mahali ambapo kila kitu huuzwa kwa bei ya foleni. Anayelipwa mshahara wa mwezi, pamoja na posho ya kila siku ya njiani, amechoka tu. Watu hawa wawili wana permi (leseni) ya aina moja na gari la aina moja, na katika mazungumzo yetu wote tunawaita madereva, kana kwamba wanafanya kazi moja.

Foleni, tena, haitoki barabarani peke yake. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache baada ya Congo kuzuia bia na vinywaji kutoka kwao, na malori yaliyobeba shaba, yasiyohusika hata na chupa moja, yakasimama. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, amri iliyodumu hadi Oktoba ilipowekewa mgawo. Sipingi amri hiyo, bei ilikuwa imeanguka vibaya; lakini wenye migodi walikuwa na maghala ya kuwekea kobalti yao, na dereva wa kulipwa kwa safari hana ghala la kuwekea siku zake.

Kwa hiyo nilirudi Katuba wiki iliyofuata na kumwambia kijana, mbele ya mama yake, kwamba mimi ningeikubali kazi hii, lakini si kwa mwajiri yeyote. Kabla ya kuuliza gari ni la mwaka gani, aulize siku za mpakani zinalipwa na nani, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Akijibiwa kwamba hayo wataelewana njiani, aondoke. Kijana aliandika. Baba mdogo akasema kwamba mwajiri wa namna hiyo hayupo. Wapo, ingawa si wengi, na huwa hawabandiki matangazo.

Mama hakusema ndiyo. Alisema aanze na Likasi, kilomita 120, mwaka mzima, akiwa utingo, kwa sababu Likasi gari likiharibika yeye anaweza kupanda basi na kumfuata na sahani yake ya bukari kabla haijapoa sana.