Taja Jina la Fundi Wako

Jumapili iliyopita tulikutana kama kawaida yetu, magari ya zamani 20 na ushei, kwenye kiwanja cha maegesho ambacho mwenyewe hutuachia wikendi. Kulikuwa na Beetle, Land Rover zisizo na paa, Datsun 1200 ya mzigo, na Peugeot 504 moja ya stesheni wagoni iliyonifanya nisimame. Nililijua lile gari. Nililiona mwaka 2021 huko Kariobangi, hapa Nairobi, limewekwa juu ya mawe, milango imeng'olewa, sakafu ya upande wa dereva imeliwa na kutu mpaka unaona nyasi zikichungulia ndani. Sasa lilikuwa jeupe kama maziwa. Nafasi kati ya mlango na mlango ilikuwa moja kutoka mbele hadi nyuma, na mlango ukifungwa unasikia mlio mmoja mzito, basi.

Baba mmoja aliyekuja na wanawe alimuuliza mwenye gari, "Kazi safi sana hii, bwana. Nani alikufanyia?"

Akajibu, "Nimelifanya mwenyewe. Miaka 3, usiku na mchana."

Hatua tatu kutoka hapo, nyuma ya buti, mzee wa ovaroli ya samawati alikuwa amechutama na kitambaa mkononi, anafuta vumbi kwenye rimu. Huyo ndiye aliyeikata ile sakafu akashona nyingine. Ndiye aliyenyoosha milango, ndiye aliyelala chini ya hilo gari juu ya katoni mvua ikinyesha. Namjua kwa sababu ni fundi wangu pia. Alisikia kila neno. Hakuinua kichwa, aliendelea tu kufuta rimu ileile ambayo tayari ilikuwa safi.

Tangu siku hiyo sijatulia.

Mwenye gari simtaji, na wala siandiki ili kumwaibisha, kwa sababu ugonjwa huu ni wetu sote. Mwaka 2019 nilipomaliza Morris Minor niliweka picha na kuandika, "Hatimaye nimemaliza." Pongezi zikamiminika. Kumbe nilimaliza nini? Sikushika nyundo. Hata lile wazo la kubadilisha viti vya valvu kwenye kichwa cha silinda, kwa kuwa vile vya zamani huliwa tangu petroli yenye madini ya risasi ilipoondolewa mwaka 2006, halikuwa langu. Fundi ndiye aliyeniketisha akanieleza. Nikaenda kuwaeleza watu wengine kama kwamba nilizaliwa nikilijua.

Nataka nieleze kazi yenyewe, kwa sababu naona wengi wetu tunalipia kitu ambacho hatujawahi kukitazama kikifanywa.

Gari nililo nalo sasa ni Peugeot 404. Madigadi ya kushoto iligongwa na matatu miaka mingi kabla sijalinunua, na aliyeitengeneza wakati huo alijaza filla, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, nene kama kidole akapiga rangi juu. Tulipoichokoa filla ikamomonyoka kama ugali uliolala, na chini yake bati lilikuwa limevutwa na kulegea. Ukilibonyeza linaingia, ukiliachia linaruka nje, kama kifuniko cha mkebe. Watu wawili walinishauri nijaze filla mpya. Mzee alikataa. Aliniambia, "Kijana wangu, hili bati limenenepa. Lazima lirudi mwili wake."

Alichofanya nilikitazama siku mbili. Kwanza aliweka kitambaa chembamba juu ya madigadi, akapitisha kiganja juu ya kitambaa, taratibu, macho amefumba. Mkono mtupu hukwama kwa jasho na kukudanganya. Ukiwa juu ya kitambaa unateleza, na kila bonde unalisikia. Alipofika mahali akasimama, akachora duara kwa chaki. Kisha akawasha gesi, akachoma doa moja dogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi, mpaka likawa jekundu na kuvimba kidogo. Hapo hapo akaweka pande la chuma kwa ndani, akagonga pembeni mwa doa kwa nyundo nyepesi, tak tak tak, halafu juu yake, na kabla wekundu haujaisha akabandika kitambaa cha maji. Chwaaa! Bati lilijikunja mbele ya macho yangu. Ngozi yake ilikazika sentimita kadhaa kuzunguka lile doa. Akasubiri lipoe, akarudisha kiganja, akachora duara jingine.

Doa moja likizidi moto, paneli nzima inapinda na kazi ya asubuhi yote imepotea. Hakuna kipimo wala saa. Anatazama rangi ya chuma, na amenikataza kusimama upande unaotoka jua kwa kuwa kivuli changu kinambadilishia ule wekundu. Alipomaliza alipitisha tupa bapa juu yote. Tupa ikigusa kilima inang'arisha, ikiruka bonde unaliona limebaki jeusi. Mwisho filla iliyohitajika ilikuwa nyembamba kama karatasi.

Ujuzi huo aliupata Ngara, kwenye gereji aliyoingia mwaka 1976 akiwa kijana wa kushika taa. Fundi mkuu alikuwa mzee wa Kisikh ambaye hakumfundisha kwa maneno. Alimwacha ashike taa mwaka mzima, na taa ikiyumba alitupiwa jicho kali. Mwaka wa pili akapewa msasa. Wa tatu akapewa tupa. Nyundo aliishika mwaka wa nne.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo anafutaje rimu huku mwingine akisema "nimelifanya mwenyewe"?

Mji huu tunaupenda kwa historia yake ya magari, na tunapenda kuitaja. Mashindano ya Safari Rally yalianza 1953. 404 ilishinda mwaka 1963, ikarudi ikashinda 1966, 1967 na 1968, na kwenye mashindano ya 1963 na ya 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Tunajua majina ya madereva kama tunavyojua sala. Lakini yale magari 7 hayakujisukuma yenyewe. Kulikuwa na watu waliolala barabarani wakisubiri gari liingie limejaa matope ili wabadilishe springi, wazibe rejeta, waliachilie. Na Joginder Singh, ambaye kila mmoja wetu ana picha yake mahali fulani, aliyeshinda 1965 na Volvo, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, alianza kama makanika. Mikono yake ilijua kilichokuwa chini ya boneti. Tukimsifu yeye tunasifu ufundi, halafu tukifika nyumbani tunauficha ufundi nyuma ya buti.

Najua mtakachoniambia, na baadhi yake ni kweli. Mafundi wengine wametutesa. Nimewahi kulipa diposti ya springi za nyuma nikazungushwa miezi 2, simu haishikwi, na nilipompata akanionyesha springi za gari jingine kabisa. Nimewahi kuacha kabureta nzuri mahali, nikarudishiwa nyingine imefungwa kwa waya. Kesho ya fundi haina tarehe. Haya yote nayakubali, ingawa nayakubali shingo upande, kwa sababu nimeona pia wateja wanaolipa nusu, wanaondoka na gari usiku, na mwezi ujao wanaonekana na rimu mpya.

Nakubali pia kwamba mwenye gari ana kazi yake. Kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road utapata plagi, pointi na kondensa kabla chai haijapoa, lakini mpira wa kioo cha mbele cha 404 utautafuta hadi Ufaransa, ulipie na ushuru, na nyumbani uulizwe hizo pesa zilikwenda wapi. Na kuna wenzetu ambao kweli hufungua injini wenyewe, kucha nyeusi Jumatatu ofisini. Hao waseme "nimefanya" kwa sauti, ni haki yao.

 

Kinachonitia hofu ni hiki. Mzee wangu ana wana wawili. Mmoja anaendesha Probox, mwingine ana bodaboda. Nilimuuliza kwa nini hakuwafundisha. Hakukasirika. Alisema, "Mtoto akinishikia taa mwaka mzima, atakula nini? Wewe ukija unaniuliza bei ya mlango. Hujawahi kuniuliza bei ya kijana." Nilikaa kimya, kwa kuwa ni kweli. Nimebishana naye bei ya mlango mpaka akashusha, nikajiona mjanja. Kumbe nilichomshusha ni chakula cha yule ambaye angekuwa amesimama hapo kando na taa, akijifunza rangi ya chuma.

Huko Grogan kuna mwingine, yeye ni wa injini tu. Hupitisha ukucha kwenye ukingo wa laina za 404, yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, akakwambia ipi imekaa chini ya mwenzake kabla hujatoa kifaa cha kupimia. Naye yuko peke yake. Mafundi hawa wawili wakipumzika tu, achilia mbali mengine ambayo sitaki kuyataja, magari yetu yote tunayoyapiga msasa na kuyapiga picha yatabaki mabati ya kupamba ua. Wanunuzi wa vyuma chakavu wataingia na mizani yao na hatutakuwa na la kuwajibu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, na naomba kwa moyo wangu wote.

La kwanza ni dogo. Tukikutana tena, kila gari liwe na kadi kwenye kioo: mwaka, muundo, mwenye gari, na majina ya mafundi. Wa bodi, wa injini, wa umeme, wa viti. Na fundi akija asije kama mtu wa ndoo na kitambaa. Awe na kiti na soda, na mtoto akiuliza swali, aulizwe yeye. Nilipomwambia Mzee kwamba nitaliandika jina lake, aliniruhusu kwa kadi ya gari lakini akanikataza kuliweka mtandaoni. Anasema kazi aliyo nayo inamtosha. Ndiyo maana hamlioni hapa.

La pili linagusa mfuko. Fundi akikuandikia gharama, mwambie aongeze mstari wa mwanafunzi, na huo mstari usiujadili. Mimi nimeanza tangu Januari, shilingi 500 kwa siku ambayo gari langu linafanyiwa kazi, na chakula cha mchana juu yake. Tukiwa wateja watano tu kwenye gereji moja tunaofanya hivyo, mtu anaweza kukaa pale wiki nzima badala ya kukimbilia kibarua cha mjengo. Na akiiva tumlipie mtihani wa ufundi wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, aanze daraja la tatu apande hadi la kwanza, kwa sababu Mzee na mikono yake yote hana karatasi hata moja, na kila anapokwenda kuomba kazi ya kampuni huulizwa karatasi.

Aliyekuja kwa zile 500 zangu ni binti wa Dandora, amemaliza Form Four mwaka juzi. Nilidhani Mzee angekataa msichana. Hakusema kitu, alimpa taa.

Jumamosi nilipita kuona mlango wa 404 umefika wapi. Mzee alikuwa ameupiga tupa na kuutangaza umeisha, anasubiri tu kuninywesha chai ili aniambie bei. Binti akaweka kitambaa juu ya mlango, akafumba macho, akapitisha kiganja kutoka bawabani kwenda kwenye kitasa. Karibu na kitasa akasimama.

"Hapa bado, Mzee."

Mzee akaweka kikombe chini. Akaweka mkono wake pale pale, akauzungusha mara mbili, akanyamaza kwa muda. Halafu akamnyooshea tupa.