Jiografia haipo, nenda Historia

Mpwa wangu kanipigia simu juzi saa tatu usiku, sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kunawa uso. "Shikamoo mjomba." Marahaba. "Wamenipa Historia."

Huyu binti alisoma HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili. Kiswahili alipata A, Jiografia B, Historia akaambulia D, na tangu kidato cha tano alikuwa akihesabu siku za kuachana nayo. Akaomba shahada ya Sanaa na Elimu chuo kikuu, akachaguliwa, tukamfungia begi na ndoo, akapanda basi. Kufika idarani akakuta karatasi imebandikwa ukutani kwa selotepu: jozi za masomo ya kufundishia zinazoruhusiwa. Kiswahili na Historia, ipo. Kiswahili na Kiingereza, ipo, ila Kiingereza hakukisoma kidato cha sita. Kiswahili na Jiografia, haipo. Akapanga foleni, akauliza dirishani. Jibu: ratiba zinagongana. Anayefuata!

Ratiba jamani. Ningeambiwa masomo haya mawili hayaivi pamoja ningenyamaza, mimi si profesa. Lakini alikuwa nayo kidato cha tano na cha sita, darasa moja, na wala hayakupigana. Ratiba ni karatasi. Imepangwa na mtu mwenye vyumba vichache, wahadhiri wachache na haraka nyingi, namhurumia kabisa. Ila karatasi hiyo ndiyo sasa inaamua mtoto atasimama mbele ya darasa lipi mpaka astaafu akiwa na miaka 60. Maana si kwamba atabadilisha baadaye. Fungua tangazo lolote la ajira za walimu siku hizi: Mwalimu Daraja la III C, somo fulani. Somo! Huna somo hilo kwenye cheti, pita pembeni. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wanataka krediti zisizopungua 360 kwa shahada ya miaka mitatu, na krediti moja inahesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 3,600, na fungu zima la hizo anakwenda kulitumia kwenye somo alilolikimbia.

Nikamwambia anitumie picha ya ratiba. Akanitumia WhatsApp, nikachukua kalamu nyekundu (mke wangu akauliza kama nimerudi kusahihisha mitihani), nikakaa mezani nikaanza kuoanisha vipindi vya mwaka wa kwanza, Kiswahili kwa Jiografia, siku kwa siku. Mihadhara haikukutana hata mmoja. Vipindi vinavyogongana ni viwili tu: Alhamisi saa nane mchana, Jiografia wako kwenye mazoezi ya ramani, Kiswahili wana semina. Na hiyo semina ina makundi manne. Kundi la tatu linakutana Ijumaa saa mbili asubuhi, saa ambayo Jiografia hawana kitu.

Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Kwa hiyo hakuna aliyekaa akapima. Labda zamani kweli zilikuwa zinagongana, mtu akaandika karatasi, karatasi ikapigwa kopi mwaka uliofuata, na uliofuata, mpaka ikageuka sheria. Sasa anayeihoji anaonekana mkaidi.

Kozi za hiari nazo sizisemi. Kwenye kitabu cha chuo zimejaa ukurasa. Ukifika unaambiwa inafundishwa moja, wahadhiri wa nyingine wako masomoni. Hiari hiyo!

Haya, nikubali kidogo, kwa shingo upande. Huwezi kumwachia kila mwanafunzi achote anachotaka kama yuko kwenye bufee ya harusi. Wamarekani walijaribu: Charles Eliot, aliyeanza kuiongoza Harvard 1869, aliwafungulia wanafunzi milango wachague karibu kila kitu, na wengi wakachagua chepesi chepesi. Alipompisha Lowell mwaka 1909 kamba ikakazwa, kila mmoja akatakiwa awe na eneo moja analolizamia. Sawa. Kanuni ya namna hiyo naielewa, ina sababu unayoweza kuisimamia mbele ya watu. Hata sharti la kwamba usifundishe somo ambalo hukulifaulu kidato cha sita naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini "ratiba zinagongana" si sababu ya kitaaluma, ni tatizo la ofisi lililovishwa joho.

Na hili litazidi. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi (michanganyiko ya masomo kama HGK) 65 za kidato cha tano, 49 kati yake mpya. Watoto hao wanakuja vyuoni na michanganyiko ambayo karatasi ile ya selotepu haijawahi kuiota. Tutawaambia nini, waende Historia wote?

Ninachoomba wala hakihitaji bajeti. Jozi zinazoruhusiwa ziwekwe wazi kabla mtu hajaomba, siyo baada ya kulipa ada na kupangiwa kitanda. Na kila jozi iliyokatazwa iandikwe imekatazwa kwa nini. Mtu akilazimika kuandika sababu kwa mkono wake, nyingine ataona aibu kuziandika.

Barua tumeiandika, mimi na yeye, kwenye simu, sentensi kwa sentensi, na ratiba yangu yenye wino mwekundu tukaiambatanisha. Leo asubuhi ameipeleka. Katibu muhtasi kaipokea vizuri, kagonga muhuri, kamwambia mkuu wa idara amesafiri, atarudi Jumatatu.

Mwisho wa kubadilisha masomo ni Ijumaa.