Leso ya Mama Mkwe: Toleo Sahihi

Kwanza, sikuzimia. Najua shemeji yangu ameshawatumia sauti, tena ndefu, na kwa niliyoyasikia humo mimi nilianguka kifudifudi ndani ya sinia la biriani, kina mama wakanipepea kwa pepeo za ukuti. Uongo mtupu. Nilikaa chini. Mtu kukaa chini ndani ya nyumba yake siku ya Idi si habari. Na hilo sinia wakati huo lilikuwa bado jikoni.

Pili, mama mkwe sijamfukuza. Yuko hapo barazani na jirani yetu, nawasikia wanacheka. Wanacheka, wananyamaza ghafla, halafu mmoja anaanza tena peke yake. Mnaujua ucheko wa aina hiyo.

Haya. Mama mkwe alikuja kutoka Lamu mwezi wa Shaabani kwa ajili ya goti lake. Daktari akamwona, goti likapoa, Ramadhani ikaandama, na hakuna mwanamume mwenye akili timamu anayemwambia mama mkwe apande basi arudi kwao katikati ya mfungo. Mimi sikuwa na neno. Wallahi sikuwa na neno. Nilichokuwa nacho ni sambusa.

Sambusa za nyama. Mke wangu alizifunga kabla ya mwezi kuandama, akazipanga kwenye friza kwa mafungu, kila futari na fungu lake. Kufika katikati ya mfungo yale mafungu yakaanza kupungua usiku. Nikavumilia. Hadi daku moja nikafungua friza nikakuta bakuli tupu, limerudishwa mahali pake na kifuniko chake juu, kwa adabu kabisa. Hapo nikatoa sauti ambayo mke wangu anadai muadhini aliisikia: "Humu ndani kuna kitu kinatula!"

Kitu. Nilisema kitu. Mawazo yangu yalikuwa kwa panya, na panya wa Mji wa Kale mnawajua, wale ukiwapa muda watafungua friza na bili ya umeme watakulipia. Lakini kwenye mkeka wa daku alikuwepo mama mkwe, tonge liko kinywani. Akalitafuna pole pole, muda mrefu kuliko tonge la wali linavyohitaji.

Tangu usiku ule nikawa namwona ananitazama vibaya. Yaani nikisinzia baada ya futari nafumbua jicho namkuta amenikodolea kichwa. Si uso, kichwa. Nikasema moyoni, huyu bibi ananisomea kitu. Likumbukeni hilo, nitarudi.

Ikafika usiku wa kutafuta mwezi. Mnajua mambo yalivyo: tangazo la mwezi halijamalizika, Mombasa nzima imeshateremka Biashara Street. Mke wangu mikono imejaa nazi, akakumbuka kwamba zawadi ya mamake ina pengo. Dera ameshamnunulia, udi upo, marashi yapo. "Lakini leso lazima itoke kwako, wewe ndiye mkwe. Zambarau. Isiwe nyepesi. Na usome jina."

Nawaomba mshike hapo. Niliambiwa nisome jina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye leso, au kanga kama wengine mnavyoiita, na jina nililisoma.

Duka lenyewe silitaji, wana riziki yao. Lilikuwa limejaa kina mama mpaka mlangoni, wanavuta leso kutoka chini ya rundo huku wakisomeana majina na kuchagua nani atapigwa fumbo gani Idi hii. Mimi mwanamume peke yangu, jasho linanitoka, sandali moja imekanyagwa. Nikaiona ya zambarau, pindo la manjano, kitambaa kizito, nikainyakua kabla ya bibi mmoja aliyekuwa ameshainyooshea mkono. Ilikuwa imekunjwa. Leso huuzwa zimekunjwa, hilo si kosa la mtu. Jina liko pale chini ya mji, yaani ule uwanja wa katikati, juu kidogo ya pindo, na likiwa refu basi unasoma ulichojaliwa na mkunjo. Mimi nilijaliwa haya: NGUONI MWAKO.

Nyinyi mliokwisha kuimalizia methali huko, nyamazeni. Nilikuwa nimefunga tangu alfajiri na kufuturu kwangu kulikuwa tende na maji, nikakimbizwa dukani.

Nikatafakari. Nguoni mwako. Leso ni nguo. Mama atakuwa ndani ya leso. Nikaiona ni dua: heri iwe nguoni mwako, afya iwe nguoni mwako, goti lako lipone humo humo nguoni mwako. Nikampigia mke wangu, maana mimi ni mtu wa kuhakikisha.

"Imeandikwaje?"

"Nguoni mwako."

"Nguoni mwako nini?"

Tuktuk mbili zikapigiana honi mlangoni.

"Nini nini?"

"Basi, njoo. Na upitie Marikiti uniletee ndimu."

Kijana wa duka akaitia ndani ya karatasi ya kung'ara, akafunga utepe. Akaniuliza, "Ya nani hii?" Nikamwambia ya mama mkwe. Akanitazama. Kijana huyu anauza majina ya leso mchana kutwa, anayajua yote kwa moyo. Akanirudishia shilingi hamsini bila mimi kuomba kupunguziwa. Nilifurahi, nikasema huu ndio ukarimu wa usiku wa Idi. Sasa ndio najua ile hamsini ilikuwa rambirambi.

Asubuhi tukaenda kuswali uwanjani, tukarudi, nyumba ikajaa. Khaleti wa mke wangu, yaani ndugu wa kike wa mamake, wifi zake mke wangu, yaani dada zangu wawili, shemeji mwenye sauti yake, majirani, na watoto wanaozunguka mlango hadi mlango kudai mkono wa Idi. Udi umechomwa, halwa imekatwa, kahawa inazunguka. Mama mkwe akaniita mbele ya watu wote: "Mwanangu, njoo."

Akatoa kifurushi chini ya mto. Ndani mna kofia. Kofia ya vito, nyeupe juu ya nyeupe, vitobo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono. Asiyejua, kofia ya namna hii si ya wiki moja, hii ni kazi ya miezi. Alikuwa akiishona chumbani usiku sisi tumelala. Akanivisha mwenyewe, ikakaa barabara, haibani, haipwayi. Watu wakashangaa amejuaje kipimo. "Nikimpima kwa uzi, akilala baada ya futari," akasema, na sebule nzima ikasema maashallah.

Kichwa. Alikuwa akinitazama kichwa.

Mngekuwa nyinyi, mkiwa na kofia hiyo utosini, mngefanya nini? Nami nikaenda mbio kuileta zawadi yangu.

Akaifungua bila kuichana karatasi, ile karatasi akaikunja akaiweka kando, itatumika Idi nyingine. Khaleti akashika ncha moja ya leso, dada yangu mkubwa akashika ncha ya pili wakarudi nyuma, maana leso ni jozi na jozi ile haijakatwa. Ikanyooka ikavuka sebule kutoka dirishani hadi kwenye kabati la vyombo. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa juu, maneno nayaona yamegeuka miguu juu, na mkunjo ulivyokuwa ukifunguka yale NGUONI MWAKO yangu yakaanza kupata jamaa zake upande wangu wa kulia. Nikaona KI. Nikaona tena kitu kirefu kinachoanzia na KI.

Damu ikanishuka magotini.

"Mama, tuile kwanza halwa."

"Ngoja mwanangu, nijue jina. Leso bila jina si leso."

Akatafuta miwani. Miwani, nimshukuru nani, ilikuwa imekaliwa na mtoto ile wiki ya mwisho. Nikapumua. Akamwita huyo huyo mtoto, mwanangu, gredi ya pili: "Njoo unisomee, mjukuu wangu, nikupe mkono wa Idi." Akatoa hamsini. Mimi nikatoa mia, nikaipunga: "Baba, kimbia kanunue aiskrimu, sasa hivi." Mwanangu akaitazama hamsini, akaitazama mia, akasema, "Nikimaliza kusoma." Huyu ndiye ninayemlipia karo.

Akapiga magoti. Mwalimu wake amewafundisha kuweka kidole chini ya silabi na kuitoa kwa sauti, darasa zima lisikie.

"Ki."

Kidole kikasogea.

"Ku."

Khaleti, ambaye hakuna leso iliyowahi kupita pwani hii asiyoijua, akafumba macho.

"La."

Shemeji akaacha kutafuna.

"Cho. Ki-ku-la-cho. Kikulacho!" Akanigeukia aone kama nimefurahi. Nikamwambia vizuri, basi, inatosha, chukua mia. "Bado, Baba. Ki." Akasita. Akarudi nyuma, akidhani amelisoma tena lile la mwanzo, akahakikisha, akaendelea mbele. "Ngu. O. Ni." Dada yangu mdogo, aliyeko kwenye kochi, alikuwa ameshaziba mdomo kwa ushungi. "Mwa. Ko."

Kimya. Nje mtoto mmoja anapuliza tarumbeta la plastiki.

Na leso, nawakumbusha, ni jozi. Mwanangu akaona jina jingine kule karibu na kabati, akatambaa na magoti hadi kule, akaanza upya: "Ki. Ku. La..." Safari hii haraka zaidi, maana ameshaelewa. Alipomaliza akainua kichwa, uso umemng'aa, akaunganisha elimu na maisha: "Bibi! Baba alisema daku, humu ndani kuna kitu kinatula! Ndicho hiki?"

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Mama mkwe hakupandisha sauti. Aliipokea ncha ya khaleti, akaipokea ncha ya dada yangu, akaikunja leso mara mbili, mara nne, akaipiga pasi kwa kiganja cha mkono. Akanitazama kwa huruma, mimi na kofia yangu.

"Ahsante, mwanangu. Ujumbe umefika."

Nimewaza sana juu ya jambo moja. Zamani majina ya leso yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hizo huanzia kulia. Lau desturi ile ingebaki, upande ule ule nilioushika dukani ndio ungekuwa na mwanzo wa maneno. Ningeona KIKULACHO, ningeitupa leso nikakimbia. Kwa hiyo mkitaka kutafuta wa kulaumiwa, anzeni na aliyebadilisha herufi.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilijieleza, hakuna aliyesikiliza. Mke wangu amenisemesha mara moja tangu siku hiyo, kuniuliza chumvi iko wapi. Mama mkwe jioni ile ile alimpa jirani leso akaikata na kuipinda kwa cherehani, na Idi Pili akaivaa, moja kiunoni, moja mabegani, akatoka kutembelea watu Kibokoni yote hadi Kuze. Mnajua leso ya kiunoni jina hukaa wapi. Goti halikumuuma hata kidogo. Kila aliyempongeza aliambiwa, "Nimepewa na mkwe wangu, Mungu amzidishie," na watu ninaowapa salamu tangu utotoni sasa wananijibu huku wakitazama tumbo langu kama kwamba ndilo linaloliwa.

Leo asubuhi nimefungua dirisha la chumba nimekuta kwenye kamba leso mpya, nyekundu, imebanwa kwa vibanio pande zote mbili isipeperuke, na jina limeelekezwa kwangu: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Hii sikuhitaji msomaji.

Na zile sambusa? Isikilizeni tena sauti ya shemeji, mwishoni mwishoni, pale anapocheka mpaka anakohoa. Amesema mwenyewe kwamba alikuwa akizichukua baada ya tarawehe, yeye na wenzake wa kijiweni. Mama mkwe alijua tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyekuwa akimfungulia mlango.

Sasa Idi Kubwa hiyo inakuja, na mama mkwe ametangaza kwamba atakaa, goti limeanza tena. Mimi nimeshaamua: nampa mbuzi. Mbuzi haandikwi kitu, hakunjwi, hana mwanzo wala mwisho wa kufichika. Nimemweleza mke wangu mpango huu mchana wa leo, na ndiyo mara ya pili amefungua kinywa kusema nami. Ameuliza, "Wa rangi gani?"