Mizinga ya Nani?

Mgeni aliyewahi kusoma kitabu chochote kuhusu Tanga lazima aniulize habari za nyuki. Haulizi mkonge, haulizi bandari. Nyuki tu. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Tanga ikiwa mikononi mwa Wajerumani, Waingereza walileta meli zilizojaa wanajeshi kama 8,000 kutoka India, wakashuka Raskazone, wakapigwa na Wajerumani waliokuwa na watu kama 1,000. Vita vilipopamba moto nyuki wakatoka, wakawauma wa huku na wa kule bila kuuliza nani mtu wa nani. Msomaji anacheka, anafungua ukurasa mwingine.

Na mimi nilicheka. Halafu nikanunua nakala ya mtumba ya kitabu kimojawapo, imetandazwa barabarani juu ya gunia, jalada limechanika, ukurasa wa kwanza una doa la manjano linalonukia bizari mpaka leo. Pale penye habari za mizinga ya nyuki mitini, pembeni, kuna maneno ya penseli yaliyokwisha kufifia: "Mizinga ya nani?" Aliyeandika simjui. Ila tangu siku hiyo siwezi kusoma vitabu vya vita kama nilivyokuwa nikivisoma.

Maana mzinga haujitundiki. Kuna mtu alichonga gogo, akalipandisha, akawa anasubiri asali yake. Kitabu kinamjua Jenerali Aitken wa Waingereza na kiburi chake cha kushusha jeshi bila kupeleleza. Kinamjua nahodha wa manowari ya Fox aliyekuja tarehe 2 kuwataka Wajerumani wasalimishe mji, wakapata nafasi ya kuleta watu kwa treni kutoka upande wa Moshi. Kinamjua sana von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Askari wake Waafrika, ambao ndio walikuwa wengi katika jeshi lile, ni hesabu. Mwenye mizinga hata hesabu hana. Na wapagazi waliobeba vita vile miaka minne kwa vichwa vyao, wakafa kwa njaa na kuhara, wameachiwa jina la soko kule Dar es Salaam. Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi.

Ubaguzi wa vitabu hivi, kwa maoni yangu, mara nyingi hauko kwenye matusi. Matusi unayaona, unakasirika, unapita. Uko kwenye nani anapewa jina na nani anapewa sababu. Chukua wale Wahindi. Wasomaji wengi wanarudia kwamba "walikimbia", basi, kana kwamba kukimbia kumo kwenye damu. Jeshi la Waingereza kule India lilikuwa na itikadi yake kabisa kwamba makabila fulani yamezaliwa kupigana na mengine hayafai. Lakini watu wamebanana melini majuma mawili na zaidi, wametapika njia nzima, wameshushwa kwenye mikoko na vichaka wasivyovijua, wamekutana na bunduki za rashasha. Jenerali akishindwa, kitabu kinatafuta sababu. Askari wa Kihindi akishindwa, yeye mwenyewe ndiye sababu.

Kijiweni kwetu Ngamiani, baada ya alasiri, kahawa chungu na kashata, suala hili limetugawa. Mimi hudai riwaya inaweza kuwapa majina wale ambao vitabu vya vita vimewasahau. Kuna mstaafu wa reli tunayemwita Mzee wa Treni. Yeye riwaya haziamini.

"Mwanangu, riwaya ni uongo uliopigwa pasi," aliniambia.

"Mzee wangu, na historia iliyomsahau mwenye mizinga tuiiteje?"

Akanywa kahawa yake kwanza. "Basi huyo mtu wa riwaya naye mwambie amwandike. Mbona hajamwandika?"

Sikuwa na jibu la haraka, lakini ninalo la polepole. Wapo wanaojaribu. Nilimwazima dada mmoja wa hapo mtaani *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, akairudisha kwa hasira. Mwisho wake Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anawafuata askari wa Wajerumani. "Yaani anatoka mikononi mwa huyu anajipeleka kwa yule!" Ndiyo, dada. Ndivyo wengi walivyofanya. Uaskari ulikuwa mshahara, sare, na kuogopwa. Wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, waliotumwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula wengi walikuwa watu weusi. Riwaya inayotuonyesha hilo bila kutupigia ngoma naithamini kuliko kurasa mia za mashujaa.

Na hapa ndipo kijiwe huninunia. Sisi wenyewe tuliandika mapema. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Mrima huku huku, alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, ndio Wajerumani, huku majeraha bado mabichi, na ndani yake watu wetu wana majina na ndimi zao. Najivunia. Lakini Bushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, shuleni tulifundishwa ni shujaa, nukta. Alikuwa na shamba la miwa, na miwa ile ilikatwa na watumwa. Alipigana na Wajerumani kwa ujasiri, sikatai. Nikiyasema yote mawili kwa pumzi moja naambiwa natia watu aibu. Aibu ya nani? Wale wa shambani hawana hata mtu wa kuwaandikia kwa penseli.

Kwa hiyo nikawaandikia. Kwenye nakala ileile, panapotajwa Bushiri, nikaweka: "Na miwa, nani alikata?" Halafu nikamwazima Mzee wa Treni, nikimwomba asome tu zile kurasa za Novemba 1914.

Amekaa nacho wiki tatu. Jana kanirudishia bila neno, akaagiza kahawa. Nyumbani nikakuta pale panaposema Wajerumani walileta askari wao kwa treni, mstari wa kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza daftari la zamu: "Moto nani alichochea?"