Biolojia ya mlimani kwa mwanafunzi wa Mombasa: ina faida?

Likizo ndefu ikikaribia, mwanafunzi wa biolojia hapa Mombasa huwa na njia mbili. Atafute atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, pengine kwenye maabara ya hospitali au kiwandani, ama ajiandikishe kozi ya nyanjani ya wiki mbili tatu kwenye Milima ya Taita, ajilipie nauli, chakula na malazi. Kwa wazazi wengi jibu liko wazi. Mtoto anasoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na michango ya ukoo. Aende akahesabu ndege, arudi na nini?

Swali hilo si la kubezwa. Aliye kwenye atachimenti huonwa na watu wanaoajiri, na kazi za kuhesabu ndege si nyingi. Wapo pia wanaouliza kwa nini tupande mlima ilhali mikoko ya Tudor iko papa hapa mjini, na msitu wa Shimba Hills, wenye palahala, ni safari ya kuvuka feri Likoni na kupanda matatu ya Kwale.

Hoja hiyo ya pili ndiyo nzito, ila inasahau jambo moja: pwani yetu ni tambarare. Mji wa Voi, chini ya Milima ya Taita, uko kama mita 600 juu ya bahari, na Vuria, kilele cha milima hiyo, kiko mita 2,208. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo asubuhi moja tu mtu anatoka kwenye migunga ya uwanda mkavu, anapita mashamba ya mahindi na migomba, anaingia msitu unaolowa kwa ukungu hata pasipo mvua. Kitabuni hilo ni mchoro wa nusu ukurasa. Kule unalisoma kwa miguu, na sweta unaivaa njiani.

Halafu kuna vipande vya msitu. Msitu wa asili wa Taita umekatwakatwa ukabaki visiwa: Mbololo, Ngangao, Chawia na vingine vidogo zaidi, katikati yake mashamba na misonobari na mikaratusi iliyopandwa. Kuna ndege aina ya mkesha, Turdus helleri, asiyepatikana popote duniani nje ya milima hiyo. Wanafunzi hutandaza nyavu nyembamba alfajiri, wanamnasua ndege, wanapima bawa, wanamvika pete yenye namba mguuni na kumwachia. Kumbukumbu za pete hizo zikikusanywa miaka na miaka ndipo inapoonekana jinsi ndege hao wanavyovuka kwa nadra kutoka kipande kimoja hadi kingine. Maabara gani ya mjini itakuonyesha hilo?

Mimi ningeanzia shambani, si msituni. Ukichimba kwa jembe kwenye udongo laini chini ya migomba, unaweza kumtoa mnyama anayedhaniwa nyungunyungu: hana miguu, macho yake hayaonekani, ngozi inang'aa. Huyo ni amfibia, Boulengerula taitana, jamaa wa chura. Mwaka 2006 watafiti walieleza kwamba mama wa aina hii hunenepesha ngozi yake ya nje kwa mafuta, na watoto huibambua kwa meno maalumu na kuila. Haya yanatokea kwenye shamba la mtu, karibu na samadi, na mwenye shamba huenda anajua pa kuchimba kuliko mhadhiri. Kozi isiyomlipa mwalimu huyo wa kijijini, ikamfanya mbeba mizigo tu, imekwenda kutalii.

Kinachonikera ni kalenda. Kozi nyingi hupangwa Juni hadi Agosti, wakati vyuo vya Ulaya vimefungwa na wageni wana nafasi. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo chake cha utafiti Taita tangu 2011. Lakini miezi hiyo Taita ni baridi na mvua ni haba. Vyura hunyamaza, na yule amfibia hushuka chini zaidi ardhini. Ni kweli kwamba wakati huo upepo wa kusi umechafua bahari yetu, hata kazi ya matumbawe ni taabu, kwa hiyo mlima unapata nafasi kwa sababu pwani imejifunga. Mikoko, kwa upande wake, haijali kusi. Maji ya bamvua yakitoka unaingia na buti zako.

Hata hivyo siafikiani na wanaosema mlima hautuhusu. Maji ya chemchemi za Mzima yanayoletwa kwa bomba hadi Mombasa ni mvua iliyonyesha milima ya Chyulu ikapenya kwenye miamba ya volkano. Mwanabiolojia wa mji huu asiyewahi kukanyaga msitu wa mlimani ana pengo.

Ningeifupisha kozi iwe siku kumi, ihesabiwe kama sehemu ya somo ili isishindane na atachimenti, wanafunzi walale kwa wenyeji, na ifanyike wakati wa vuli. Nauli haisumbui sana: treni ya SGR hadi Voi, kisha matatu ya Wundanyi, mji ulio huko milimani. Kigingi ni kwamba vuli huangukia katikati ya muhula. Kitivo kingelazimika kusimamisha mihadhara siku hizo mwezi Novemba, na hapo ndipo wahadhiri wa masomo mengine wataanza kulalamika, wengine kwa haki.