Ramani ya mishipa midogo ya damu: tuiamini kompyuta hadi wapi?

Mwaka 1661 tabibu wa Italia Marcello Malpighi alitazama mapafu ya chura kwa hadubini, akaona kile ambacho William Harvey, aliyeeleza mzunguko wa damu mwaka 1628, hakuweza kukionyesha: kapilari, yaani vijishipa vinavyounganisha ateri na vena. Leo hakuna anayebisha kuwa kapilari zipo. Ubishi umehamia kwenye ramani zake. Programu ikipewa picha za hadubini ikatuchorea mtandao mzima, tuiamini kiasi gani?

Wanaoitetea wana hoja nzito. Kapilari nyingi zina kipenyo cha mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 5 hadi 10, nyembamba kiasi kwamba seli nyekundu ya damu mara nyingi hujikunja ili ipenye. Kuchora kwa mkono mishipa yote ya ubongo wa panya ni kazi isiyoisha. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kazi ambayo ubongo huo ulitibiwa kwa kemikali hadi ukawa angavu, ukapigwa picha mzima, kisha akili unde ikaifuatilia mishipa hadi kwenye kapilari. Isitoshe, programu haichoki. Wape wataalamu wawili picha moja waichore, na michoro yao haitalingana kila mahali.

Sasa sogea karibu na picha yenyewe. Rangi inayong'aa imeujaza mshipa, ikafifia kwa pikseli (nukta za picha) chache, halafu ikaendelea. Jicho lenye uzoefu linaunganisha pande hizo mbili bila kusita. Programu inaweza kuacha pengo, na mahali damu inapopita pakaonekana ndipo njia inapoishia. Kinyume chake hutokea pia: kapilari mbili zinazopishana, moja juu ya nyingine, zinashikanishwa na ramani inazua maungio yasiyokuwepo. Hadubini hutofautisha vitu vilivyo ubavu kwa ubavu vizuri kuliko vilivyopishana kwa kina, ndiyo maana hata mshipa wenye mkato wa duara huonekana umerefuka kama yai.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia alama za juu. Kipimo kinachotumika sana, cha Dice, hutazama ni kiasi gani eneo lililochorwa na programu linafunika lile lililochorwa na mtaalamu. Pengo la pikseli tatu hukitikisa kipimo hicho kidogo mno, ilhali limekata njia ya damu. Vipo vipimo vinavyofuata mstari wa kati wa mshipa, na kwa maoni yangu ripoti isiyo na kipimo cha namna hiyo haijajibu swali la msingi.

Unene nao una hatari yake. Kwa kanuni ya Poiseuille, inayoeleza mtiririko wa kiowevu ndani ya mrija, mtiririko hutegemea kipeo cha nne cha nusukipenyo. Programu ikipunguza unene wa mshipa kwa asilimia 10 tu, mtiririko unaokadiriwa unashuka kwa takriban asilimia 34. Na hapo hatujagusa kusinyaa au kuvimba kwa tishu wakati wa matayarisho.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza ramani ni ya kazi gani. Kama ni kulinganisha urefu wa mishipa kwa kila milimita ya ujazo kati ya makundi mawili yaliyotayarishwa na kupigwa picha kwa njia ileile, programu inatosha, na kumng'ang'aniza mtu achore kwa mkono ni kumtesa bure. Kama ni kukadiria damu inapita wapi, maungio lazima yakaguliwe na binadamu, angalau kwa sampuli.

Penye ugonjwa nakuwa mkali zaidi. Programu iliyofunzwa kwa tishu zenye afya ikikutana na uvimbe wa saratani, wenye mishipa iliyopinda na kuvimba ovyo, hukosea zaidi palepale tunapotafuta tofauti. Tofauti itakayoonekana inaweza kuwa ya ugonjwa, au ya programu kushindwa. Ili kuzitenganisha, mkaguzi apewe vipande kutoka makundi yote mawili bila kuambiwa kipi ni cha mgonjwa, na makosa ya maungio yahesabiwe kwa kila kundi peke yake.